Nyota Akikosea, Kocha Ufanye Nini? Mwongozo wa Kumwajibisha Mchezaji Bora wa Kikapu

Jumanne moja, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, namba moja wetu, nyota anayechezesha timu, aliingia uwanjani na spika za masikio shingoni, akatupa begi chini ya mlingoti wa ringi, akaanza kupasha. Mazoezi yalikuwa yameanza saa kumi na moja kamili. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewakimbiza wachezaji wawili wa akiba mizunguko kumi kwa kuchelewa dakika kumi tu. Timu nzima ikanigeukia mimi. Nikatazama saa, nikapuliza filimbi, nikasema, "Haya, tano kwa tano." Basi.

Wiki mbili baadaye wachelewaji walikuwa sita. Nilipomuuliza mmoja wao, akanijibu kwa upole kabisa, "Kocha, si tulidhani muda umebadilika?"

Niliyojifunza tangu siku ile nimeyaweka hapa kwa ajili ya makocha wa timu za mtaani, shule na vyuo, wale ambao nyota wao hana mkataba wa mamilioni lakini wakimkosa wanapigwa kwa pointi thelathini. Mifano mingi ni ya Marekani kwa sababu kule mambo ya vyumba vya kubadilishia nguo huishia hadharani. Kazi yenyewe ni ileile. Na niseme mapema ninavyoamini: sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika kabla nyota hajakosea. Siku ya kosa unatumia tu akiba uliyoiweka.

1. Jua kwanza ni kosa la aina gani

Kuna kukosa. Amerusha, haukuingia. Amejaribu pasi iliyo sahihi, ikakatwa. Hilo dawa yake ni mazoezi, halina nidhamu ndani yake. Kuna kutojali: anatembea wakati wenzake wanarudi kukaba, anabishana na refa huku timu inacheza watu wanne, anamnunia dogo aliyeangusha pasi yake. Halafu kuna maisha, yaani mgonjwa nyumbani, kazi, mitihani, nauli.

Makocha wengi tunaadhibu la kwanza kwa sababu linaonekana na kila mtu, tunaacha la pili kwa sababu mhusika kafunga pointi ishirini na tano. Anayekosa mitupo mitatu anatolewa. Anayetembea anabaki.

Kuhusu la tatu, uliza kabla hujahukumu. Yule namba moja wangu nilikuja kumuuliza baada ya wiki mbili nzima. Kumbe alikuwa amepata kazi kwenye duka la vifaa vya simu Kariakoo, na tajiri wake hafungi kabla ya saa kumi na moja. Ongeza foleni, ongeza daladala iliyojaa. Hilo halikumfutia kosa, maana hakusema neno, lakini lilibadilisha mazungumzo. Tukakubaliana atume ujumbe kabla ya saa kumi kama atachelewa, na dakika anazokosa azilipe mwisho wa mazoezi kwa mitupo huru, wakati wenzake wanafungasha. Ningemuuliza siku ya kwanza, wale sita wasingepatikana.

Na uchanga usiufanye kosa. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009 kwenye drafti, yaani zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya, ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo. Mtaani kwetu wapo tuliolichukua kama adhabu. Kumpeleka mchezaji atakakopata dakika nyingi zaidi ni ufundishaji. Ukifanya hivyo kwenye klabu yako, ukampeleka kijana timu B mwezi mmoja, mweleze kwa maneno hayohayo, tena mbele ya nahodha, ili asije akasikia tafsiri nyingine kijiweni.

2. Kanuni ziwe chache, na ziwe zimeshatangazwa

Kocha John Wooden alishinda mataji 10 ya vyuo vya Marekani akiwa chuo cha UCLA, kati ya 1964 na 1975. Baada ya miaka mingi ya kufundisha, kanuni alizozishikilia zaidi zilikuwa tatu: usichelewe, usitukane, usimseme vibaya mwenzako. Tatu tu, mtu anazikumbuka hata akiwa amechoka.

Kisa chake na Bill Walton kinajulikana sana. Walton alikuwa mchezaji bora wa vyuo nchini kwake kwa miaka mitatu mfululizo, na timu yake ndiyo iliyofikisha ushindi wa mechi 88 bila kupoteza hata moja. Wooden hakutaka ndevu wala nywele ndefu. Walton akaja kuanza msimu akiwa nazo, akadai ni haki yake. Kocha akamkubalia kwamba haki anayo, kisha akamkumbusha kwamba kuchagua nani acheze ni haki ya kocha, na kwamba timu itamkosa sana. Walton akapanda baiskeli yake, akaenda kunyoa, akawahi mazoezi.

Mimi nisingetumia heshima yangu kwa ajili ya ndevu. Lakini angalia vitu viwili. Kanuni ilikuwepo kabla ya Walton kufuga. Na yule mzee alikuwa tayari kweli kucheza bila yeye. Walton aliliona hilo usoni mwake, ndiyo maana baiskeli ilienda mbio.

Namna ya kuziweka: kikao cha kwanza cha msimu, wachezaji wenyewe wazitaje, wewe ukiandika ubaoni. Kocha Mike Krzyzewski alifanya hivyo na timu ya taifa ya Marekani iliyokwenda Beijing 2008, baada ya ile ya Athens 2004 kurudi na shaba. Alikaa na kina Kobe Bryant, LeBron James na Jason Kidd, wakataja wenyewe jinsi watakavyoishi. Wakarudi na dhahabu. Kwenye kikao chako muombe nyota ataje moja. Atataja. Na siku atakapoivunja hutahitaji hotuba ndefu.

Baada ya kikao, bandika kanuni mahali, na mbele ya kila moja andika matokeo ya kuivunja. "Kuchelewa bila taarifa: huanzi mechi inayofuata." Ukiandika "hatua kali zitachukuliwa" umeandika hewa, maana siku ya kuchukua hatua utaanza kupima ukali kwa kuangalia ratiba.

3. Mwombe ruhusa kabla ya msimu

Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Mwaka 1997 San Antonio Spurs ya NBA walimpata Tim Duncan, chaguo la kwanza la drafti. Kocha wao, Gregg Popovich, akasafiri hadi St. Croix, kisiwa alikokulia Duncan, wakawa pamoja siku kadhaa, wakaogelea, wakazungumza. Duncan alianza utotoni kama muogeleaji, na huenda kikapu kisingempata kama kimbunga cha Hugo cha 1989 kisingeharibu bwawa la kuogelea alilokuwa akifanyia mazoezi. Waliobaki na timu ile miaka yote wanasimulia jambo moja: Popovich alikuwa akimfokea Duncan mbele ya wote, na Duncan anamtazama usoni, anasikiliza, anarudi kucheza. Mchezaji mgeni akiona hivyo, atalalamikia nini? Popovich mwenyewe amekuwa akimshukuru Duncan hadharani kwa kukubali kufundishwa. Mataji 5 yalipatikana kwa mapatano hayo, la kwanza 1999, la mwisho 2014.

Sisi hatuna St. Croix. Tuna kibanda cha chai jirani na uwanja. Mwite nyota peke yake, mnunulie chapati mbili, umwambie hivi au unavyojua wewe:

"Dogo, mwaka huu timu itakuangalia wewe. Nikikurekebisha wewe, wote wananisikia. Nikikuacha wewe, sina timu. Kwa hiyo nitakusema mbele ya watu, tena mara nyingi kuliko wengine. Sitakutukana, na mambo ya nyumbani kwenu sitayaleta uwanjani. Upo tayari?"

Kisha nyamaza. Muache ajibu mwenyewe, hata akichukua dakika nzima kukoroga chai.

Swali la pili ni hili: "Nikifanya nini nitakutoa mchezoni kabisa?" Mmoja aliniambia, "Kocha, usinivute jezi." Kulikuwa na kocha wake wa zamani aliyekuwa akimkamata jezi kifuani kila akimtoa. Sikujua, na mimi mkono wangu huo ulikuwa karibu sana kwenda kwenye jezi za watu. Tangu siku hiyo nikimtoa mtu naweka mikono nyuma.

Akiwa amekuzidi umri, badilisha njia. Nimewahi kumfundisha mtu ninayemwamkia shikamoo. Huwezi kumkatisha katikati ya zoezi kama kijana wa sekondari, na ukijaribu, timu nzima itaona umekosa adabu wewe. Kwa mtu wa namna hiyo nilikuwa nawahi uwanjani robo saa kabla, namwambia, "Kaka, jana upande wako walipita sana. Naomba leo uwe wa kwanza kurudi, hawa wadogo wakuone." Alikuwa anarudi mpaka mimi namwonea huruma.

4. Hesabu, halafu onyesha

Ukimwambia nyota "hujitumi", mtabishana mpaka taa za uwanja zizimwe. Ukimwambia "umerudi kwa kutembea mara tisa", atanyamaza walau kidogo.

Mpe daftari mchezaji aliyeumia au wa timu B. Ahesabu vitu vinne tu: kurudi kukaba kwa kukimbia au kwa kutembea, kumziba mpinzani kwa mgongo mpira unaporudi kutoka kwenye ringi, pasi kwa mwenzake aliye wazi zaidi, na mara alizobishana na refa. Pointi zina mtu wake wa kuzihesabu tayari. Simu moja iegemezwe kwenye chupa ya maji jukwaani, irekodi robo mbili. Hiyo inatosha, usije ukashindwa kuanza kwa sababu huna kamera.

Kisha kaa naye, wawili tu, vipande vitatu. Anza na kimoja kizuri. Siku ya kwanza niliyofanya hivi na namba moja wangu, kipande cha pili kilikuwa cha sekunde nane. Anapoteza mpira katikati ya uwanja, anainua mikono kwa refa, anaweka mikono kiunoni. Namba mbili wetu, mfupi kuliko wote, anarudi peke yake kukabili watu wawili. Leiapu, mpira unawekwa kwenye ringi kwa karibu.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Refa hakupiga faulo."

Nikarudisha. "Sasa hivi?"

"Kweli alinigonga mkono, kocha, angalia."

Nikarudisha mara ya tatu, nikasimamisha pale mpira unapogusa ubao. Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Mimi simo kwenye picha."

Sikuongeza kitu. Hapo ukiongeza mahubiri unaharibu.

5. Kwenye mazoezi, aanze yeye

Kama wawili wamekosa kosa moja, mrekebishe nyota kwanza. Fomula yangu ina sehemu nne na haizidi sekunde kumi: jina, alichofanya, unachotaka, endeleeni. "Saidi, umesimama. Kimbia mpaka mstari wa mitupo huru ndipo ugeuke. Rudieni." Filimbi.

Kuna maneno nimejikataza. "Wewe si unajiona nyota." "Ukienda timu kubwa utafanya hivi?" Kejeli inaonekana kama ukali lakini kazi yake ni kumfurahisha kocha. Jambo la jana pia lisirudishwe leo, lilihukumiwa, limekwisha. Na akifanya vizuri lile ulilomkemea, lisemwe kwa sauti ileile uliyomkemea nayo, siyo kwa kunong'ona.

Vipi kuhusu kuikimbiza timu yote kwa kosa la nyota, yeye akisimama anatazama? Najua makocha wanaolipenda hilo. Mimi silipendi. Unawatwisha mzigo wasio na hatia, na kijana mwenye kiburi anaweza kusimama pale akafurahia kivuli.

6. Dakika ndiyo pesa yako

Mchezo wa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, una dakika 40. Ukimkalisha mtu dakika 5 umechukua sehemu moja ya nane ya mechi yake. Faini kwa timu zetu ni maneno matupu, maana mchezaji analipwa nauli. Ukikata nauli, kesho haji, na kweli hana uwezo wa kuja. Hata kule kwenye mamilioni sioni kama fedha inauma kama benchi.

Mfano mzuri wa kupima uzito wa adhabu ni klabu ya NBA ya Golden State Warriors na mchezaji wao Draymond Green. Novemba 2018, katika mechi na Clippers mjini Los Angeles, alirushiana maneno makali na mwenzake Kevin Durant; klabu ikamsimamisha mechi moja bila malipo. Oktoba 2022 alimpiga ngumi Jordan Poole mazoezini. Safari hii alipigwa faini, akakaa kando siku chache, na mechi ya kwanza ya msimu akacheza. Mchezaji yuleyule, klabu ileile: maneno yalimgharimu mechi, ngumi ikamgharimu fedha. Klabu ilikuwa na sababu zake. Lakini wachezaji wanasoma bei kuliko wanavyosikiliza sababu, na timu ile haikuwa na amani msimu ule. Kwa hiyo panga ngazi zako mapema na kosa kubwa lisiwe na bei ndogo kuliko dogo.

Ngazi zangu ni hizi. Kosa dogo la kutojali ndani ya mchezo: atoke papo hapo, si robo inayofuata, ili mwili wake uunganishe kitendo na benchi. Asiachwe mwisho wa benchi na taulo kichwani. Mweke karibu na msaidizi wako, aambiwe sentensi mbili: kwa nini yupo pale, na anarudi lini. "Umemuacha mtu wako mara mbili. Tukifika dakika ya tano unaingia, na unaanza na kukaba." Kuchelewa bila taarifa: haanzi, anaingia robo ya pili. Akirudia: nusu ya mechi. Kumdhalilisha mwenzake au mwamuzi: mechi nzima, na aje akae benchi akiwa amevaa nguo zake za kawaida, awaone wenzake wakihangaika.

Adhabu ya kutoanza aambiwe siku moja kabla, faraghani. Kumshtukiza mtu mbele ya mashabiki, mama yake akiwa jukwaani, ni kulipiza kisasi.

Hapa ndipo pagumu: lazima uwe tayari kupoteza mechi. Mara ya kwanza nilipomkalisha namba moja robo nzima, tulimaliza robo hiyo nyuma kwa pointi 11, tukaja kufungwa kwa 4. Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa napiga hesabu ya zile 11. Alhamisi iliyofuata saa kumi na moja kamili watu wote walikuwa wamefunga kamba za viatu.

7. Kosa kubwa, mbele ya dunia

Tarehe 13 Mei 1994, Chicago. Michael Jordan, nyota wa Chicago Bulls, amestaafu tangu Oktoba, timu ni ya Scottie Pippen. Katika mfululizo wa mechi za mtoano Bulls wako nyuma 0–2 dhidi ya New York Knicks, mechi ya tatu ni 102 kwa 102, zimebaki sekunde 1.8. Kocha Phil Jackson anachora mpango: mpira wa mwisho apewe Toni Kukoč, Mkroatia aliye msimu wake wa kwanza, na Pippen ndiye aurushe kuingia uwanjani. Pippen anakataa kuinuka benchi. Pete Myers anaingia badala yake, anarusha, Kukoč anageuka na kufunga. 104–102. Wameshinda, na nyota wao amegoma.

Jackson angeweza kumfukuza usiku uleule. Badala yake akawaachia wachezaji chumba. Bill Cartwright, mkongwe wa timu, akasimama akazungumza huku machozi yanamtoka, akamwambia Pippen jinsi alivyowaumiza. Pippen akaomba radhi. Mechi ya nne akacheza, akafunga 25, Bulls wakasawazisha. Mfululizo wenyewe walikuja kuupoteza katika mechi ya saba, lakini timu haikuvunjika, na mataji mengine matatu yalifuata kuanzia 1996, Pippen akiwemo.

Kocha akisoma hapa anaweza kudhani somo ni "kaa kimya, wachezaji watamalizana". Taratibu. Jackson alikuwa na Cartwright. Kama wewe huna mtu wa namna ile, mwenye umri, asiyetafuta dakika za Pippen, anayependwa na pande zote, ukiwaachia chumba unaweza kukuta watu wanashikana. Kwa hiyo fanya hivi: usiku wa tukio usiamue kitu, waambie tu kikao ni kesho saa fulani. Asubuhi mpigie nahodha na mkongwe mmoja, uwasikilize. Kikaoni wao waanze, mhusika ajibu, wewe ufunge kwa kutaja adhabu iliyokwishaandikwa. Kama mhusika amekiri kwa dhati mbele ya wenzake, adhabu ya juu yake iwe nyepesi kadiri kanuni zinavyoruhusu. Kilio cha Cartwright kilikuwa kizito kuliko mechi tatu za kusimamishwa.

8. Watu wa pembeni

Utamkalisha nyota, simu italia kabla ya mapumziko. "Kocha, huyo kijana mbona yuko benchi? Wageni wangu wamekuja kumwona." Ni mfadhili, ndiye aliyelipia jezi. Jibu liwe fupi na la heshima: "Bosi, anaingia robo ya pili. Nitakupigia baada ya mechi." Na upige kweli.

Bora zaidi, kabla ya msimu wapelekee viongozi ile karatasi ya kanuni, waisaini. Waambie wazi kwamba dakika za wachezaji zinapangwa na kocha, na kama hawakubali waseme mapema. Wengine watakataa. Ni afadhali ujue Januari kuliko kujulia nusu fainali.

Wazazi waite mara moja, mwanzoni. Na kamwe usimkosoe mchezaji kwenye grupu la WhatsApp la timu. Grupu ni la ratiba na nauli.

9. Akiwa hataki tena

Kuna hali ambayo ngazi zote hizi hazifanyi kazi: mchezaji ameshaondoka moyoni, amebaki mwili. Jimmy Butler aliipeleka Miami Heat kwenye fainali mbili, 2020 na 2023. Januari 2025 klabu hiyohiyo ilimsimamisha mara tatu ndani ya mwezi mmoja, ya kwanza mechi saba, na mapema Februari akauzwa Golden State. Heat ni klabu inayojivunia ukali wake wa nidhamu kuliko karibu zote, na haikusaidia kitu, kwa sababu adhabu inamfunza mtu anayetaka kubaki.

Ukifika hapo, acha kupandisha ngazi. Kaa naye na kiongozi mmoja, muulize anataka kwenda wapi, mpe barua yake aende salama. Ukimng'ang'ania ili umkomoe, wachezaji wengine kumi na mmoja watautumia msimu wao kutazama mapigano yenu.

10. Kama msimu umeshaanza na umeshaharibu

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi: nimeshamwachia nyota miezi mitatu, sasa nianzie wapi? Usianze na nyota. Akiamka Jumatatu akute wewe ni mkali ghafla, atasema umetumwa, na pengine timu itamwamini.

Anza na wewe. Mimi nilifanya hivyo Jumanne nyingine, baada ya wiki tatu za uchelewaji. Niliwakusanya katikati ya uwanja nikawaambia: "Yule alipochelewa dakika arobaini sikusema kitu. Ninyi wawili mlichelewa dakika kumi, nikawakimbiza. Nilikosea mimi. Kuanzia leo karatasi ni hii, inamhusu kila mtu, na mimi nimo." Nikaisoma. Nikawauliza kama kuna wa kuongeza. Halafu nikavua saa, nikampa mmoja wa wale wawili wa akiba, nikaanza kukimbia mizunguko yangu kumi, na kitambi hiki.

Mpaka wa sita walikuwa wananicheka. Wa saba, yule mwenye saa akapaza sauti kutoka upande wa pili wa uwanja: "Kocha, umekata kona. Huo hauhesabiwi."